KILA MTU NA MDUNDO WAKE: Historia Fupi ya Injini za Pikipiki na Wanaozipenda

Ndugu msomaji, najua umefungua gazeti hili ukitafuta hadithi na mashairi, na mimi nakuletea pikipiki. Utasema, "Huyu naye! Fasihi imekuwa gereji?" Subiri kwanza. Mimi nimekulia gereji, tena gereji ya chini ya mwembe, na nilichojifunza pale kuhusu mdundo sikukipata darasani tulipokuwa tunahesabu mizani ya shairi.

Mjomba wangu ni fundi pikipiki. Hana bango wala kadi ya biashara. Ana mwembe, benchi, sanduku la spana na masikio. Pikipiki ikiwa bado iko kona ya mbali, haijaonekana, yeye ameshasema: "Hiyo valvu zimelegea," au "Huyo kabadilisha eksozi juzi." Sisi vijana wa kijiweni tulikuwa tunambishia kwa raha ya kubisha tu. Halafu pikipiki inatokea, na kweli ndivyo ilivyo.

Mwanawe, yaani binamu yangu, alikuwa dereva bodaboda. Alibeba abiria miaka mitatu, akaweka akiba kidogo kidogo, na mtaa mzima ulijua atanunua pikipiki ya pili amwajiri kijana. Siku moja akarudi na dude. Silinda nne, cc 600, mtumba, rangi imechubuka, mabomba manne ya eksozi yamejikunja kwa mbele kama matumbo ya mbuzi. Akaiwasha. Kuku wakakimbia. Alipoongeza moto sauti ikapanda, ikapanda tena, mpaka ikawa kama kitambaa kinachanwa. Mjomba akaweka spana chini.

"Mwanangu, umenunua midomo minne ya kulisha."

"Baba, sikiliza kwanza."

"Nimeshasikia."

Hawakusemeshana wiki nzima. Ugomvi huo ndio ulionituma nianze kusoma historia ya vyuma hivi, maana nilitaka kujua nani ana haki. Nikakuta kwamba baba na mwana wamerithi ubishi wenye zaidi ya miaka mia moja, na kwamba umebishaniwa Marekani, Ujerumani, Uingereza, Japani, Italia, mpaka kwenye mchanga wa Sahara.

HESABU KWANZA

Tuanze na hesabu, la sivyo tutabaki kupiga kelele kama mashabiki wa mpira. Injini nyingi za pikipiki ni za mapigo manne. Pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikikandamiza, plagi inapiga cheche na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Katika mapigo hayo manne, moja tu ndilo la kazi. Mhimili wa injini, ule mafundi wanaouita krankishafti, umezunguka mara mbili kamili, yaani nyuzi 720, lakini umesukumwa mara moja tu. Muda uliobaki unajiendea kwa uzito wake wenyewe.

Injini ya silinda moja basi ina mlipuko mmoja, kimya kirefu, mlipuko mwingine. Pik, kimya, pik, kimya. Sijui wewe unasikiaje, lakini mimi nikilitamka neno "pikipiki" polepole naisikia silinda moja ikiunguruma. Hata lile neno jingine la zamani, "tukutuku", ni sauti ile ile kwa koo nzito zaidi.

Ukiongeza silinda ya pili, mambo yanabadilika. Sasa una milipuko miwili ya kugawa ndani ya nyuzi 720, na unaweza kuigawa utakavyo: sawasawa, au mmoja uwahi na mwingine uchelewe. Ni kama mshairi mwenye mizani kumi na sita. Anaweza kukata nane kwa nane, na anaweza kukata sita kwa kumi. Idadi ni ile ile, lakini msikilizaji anasikia kitu tofauti. Mpanda pikipiki hasikii kwa masikio peke yake. Anasikia kwa mikono, kwa makalio na kwa nyayo. Ndiyo maana ukimuuliza kwa nini anaipenda injini yake, ataanza na nguvu na mafuta, lakini usipomkatisha atamalizia na namna inavyomtikisa.

HERUFI V

Pikipiki ya kwanza ya petroli ilitengenezwa na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach huko Ujerumani mwaka 1885. Fremu ilikuwa ya mbao, silinda moja ya cc 264, nguvu ya nusu farasi. Baada ya hapo watu wengi walichukua njia rahisi: baiskeli ya kawaida, injini ndogo ikatundikwa ndani yake.

Sasa itazame fremu ya baiskeli. Katikati yake kuna pembe. Ukitaka kuweka silinda mbili kwenye pembe, ni umbo gani linalokaa vizuri? Herufi V. Harley-Davidson, waliokuwa wameanza Milwaukee mwaka 1903 na silinda moja, walitoa injini yao ya V mwaka 1909. Silinda zilipishana kwa nyuzi 45, na pistoni zote mbili zilishika pini moja ya krankishafti. Hapo ndipo mdundo unapozaliwa: kutoka mlipuko wa kwanza hadi wa pili ni nyuzi 315, na kutoka wa pili kurudi wa kwanza ni nyuzi 405. Saba kwa tisa. Injini inachechemea kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na wenye nayo wanakuambia huko kuchechemea ndiko utamu wenyewe.

Kwa nini Wamarekani waling'ang'ania? Sababu moja ni barabara: ndefu, zilizonyooka, na injini kubwa inayovuta bila kuharakishwa inafaa safari ya siku nzima. Sababu nyingine ni gari. Kuanzia mwaka 1908 Ford walianza kuuza Model T, na bei yake ikawa inashuka mwaka hadi mwaka. Mmarekani wa kawaida aliyetaka kufika kazini akanunua gari. Aliyebaki kwenye pikipiki ni yule aliyeitaka pikipiki yenyewe, na huyo humwuzii uchumi wa mafuta. Unamwuzia tabia. Mwaka 1994 Harley-Davidson waliomba sauti ya injini yao isajiliwe kama alama ya biashara. Washindani wakapinga, kesi ikaburutwa miaka, na mwaka 2000 kampuni ikaliondoa ombi lake. Fikiria hilo, msomaji: watu kwenda kwa mawakili kugombea mdundo.

BONDIA WA KIJERUMANI

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Versailles uliwafungia Wajerumani utengenezaji wa injini za ndege. BMW, kampuni iliyokuwa ikiishi kwa injini hizo, ikabaki na wahandisi wasio na kazi. Walitengeneza injini ndogo ya silinda mbili zilizolala, moja ikitazama mbele na moja nyuma, wakaziuzia kampuni nyingine za pikipiki. Tatizo lilikuwa joto. Silinda ya mbele inapata upepo, ya nyuma inaungua.

Mhandisi wao, Max Friz, mtu wa injini za ndege, akaigeuza injini ikae kwa upana, silinda moja ikitokeza kushoto na moja kulia, zote kwenye upepo. Hiyo ndiyo R32 ya mwaka 1923: cc 494, nguvu ya farasi 8.5, na badala ya cheni akaweka shafti ya kuzungusha gurudumu la nyuma. Pistoni zinakwenda nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama bondia anayegonganisha glavu zake kabla ya pambano. Ndiyo maana injini hiyo inaitwa boksa. Msukosuko wa upande mmoja unafutwa na wa upande wa pili, na milipuko inagawanyika sawasawa, nyuzi 360 kwa 360.

Hapa niwaombe radhi washikaji wa kijiweni. Ile Boxer mnayopandia abiria, ya Bajaj kutoka India, si boksa hata kidogo. Ni silinda moja imesimama wima. Jina ni jina tu. Siku niliyomwambia binamu yangu hivyo alinitazama kana kwamba nimemtukania mama.

Wanaopenda boksa halisi ni watu wa aina fulani. Wanataka kwenda mbali na kurudi. Valvu unazirekebisha umekaa kwenye kigoda pembeni, huhitaji kufungua nusu ya pikipiki. Shafti haina cheni ya kuliwa na mchanga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Marekani lilivutiwa na mashine hizo za Kijerumani kiasi kwamba liliwaagiza Harley-Davidson watengeneze boksa ya kuiga. Iliitwa XA, ya mwaka 1942, na zilitoka kama elfu moja tu. Lakini boksa nayo ina vituko vyake: ukiwa umesimama ukivuta moto, pikipiki nzima inajilaza pembeni kidogo kama mlevi anayesalimia. Mwenye nayo anacheka. Mgeni anashtuka.

WAINGEREZA NA MGENI KUTOKA JAPANI

Uingereza walikuwa watu wa silinda moja, tena kwa fahari. Msidhani silinda moja ni unyonge. Mwaka 1961, Velocette Venom ya cc 500 ilikimbizwa saa 24 mfululizo kwenye uwanja wa Montlhéry karibu na Paris, ikapata wastani wa maili 100 kwa saa. Silinda moja hiyo, usiku na mchana.

Lakini tangu mwaka 1937 mwelekeo ulikuwa umeshabadilika. Edward Turner wa Triumph alitoa Speed Twin, silinda mbili zimesimama bega kwa bega, nyepesi na nyembamba kiasi kwamba kwa mbali ungedhani ni silinda moja yenye eksozi mbili. Pistoni zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja, zikipokezana kulipuka. Mlio wake ni wa sawasawa na wa haraka. Baada ya vita, kampuni karibu zote za Uingereza ziliiga, na ilipofika Bonneville ya mwaka 1959, vijana wa London walikuwa wanakutana Ace Cafe usiku, wakitafuta kufika maili 100 kwa saa. Walikuwa watoto wa wafanyakazi wenye mshahara wa kwanza mfukoni, na pikipiki ndiyo iliyokuwa chao peke yao.

Bei ya raha ile ilikuwa mtikisiko. Pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja zinatikisa kama pistoni moja kubwa, na kadiri Waingereza walivyoongeza cc ndivyo nati zilivyolegea na taa zilivyokufa. Oili nayo ilivuja. Wenye nazo walizoea, wakageuza kuwa utani.

Kisha mwaka 1969 Honda wakaleta CB750. Silinda nne zimepangwa mstari mmoja, cc 736, nguvu ya farasi 67, breki ya diski mbele, kitufe cha kuwashia, na bei Marekani ilikuwa dola 1,495. Mlipuko kila nyuzi 180, bila kuchechemea. Haikuvuja oili. Mtu angeweza kwenda nayo kazini Jumatatu bila kubeba spana. Sauti yake ilikuwa ngeni: laini chini, na juu kama filimbi. Miaka michache baadaye BSA ilikuwa imeanguka, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa mwaka 1983. Jina la Triumph lilifufuliwa baadaye na tajiri mwingine, katika mji mwingine.

Lakini sikiliza jambo hili. Mjapani alileta pikipiki bora kwa karibu kila kipimo, na bado kuna watu waliolia. Walisema nne inakwenda vizuri mno, hailalamiki, haina neno la kukuambia. Mimi zamani niliwacheka. Siku hizi siwacheki.

TAIRI LINATAKA KUPUMUA

Hebu tuingie kwenye mashindano, kwa sababu huko hakuna mapenzi ya bure. Anayekosea anaanguka.

Mwaka 1992 Honda walibadilisha kitu kimoja kwenye injini yao ya mbio ya silinda nne za mapigo mawili, NSR500. Badala ya milipuko kugawanyika sawasawa, waliisogeza pamoja, mmoja nyuma ya mwingine haraka haraka, kisha kimya kirefu. Tairi la nyuma likipata kile kimya linashika lami tena kabla ya kusukumwa upya. Waendeshaji walisema sasa wanajua tairi linataka kuteleza lini. Washindani nao wakaiga.

Ungedhani ubishi umekwisha. Wapi! Mwaka 1997 Mick Doohan wa Australia, bingwa wa dunia mara tatu wakati huo, aliomba arudishiwe injini ya zamani yenye milipuko sawasawa, ile ya kupiga mayowe, wakati wenzake walikuwa wameshaizoea nyingine. Akashinda mbio 12 kati ya 15. Kampuni moja, mwaka mmoja, ubingwa ule ule unagombewa, na mkono wa mtu mmoja unataka mdundo tofauti na wa wenzake.

Mwaka 2004 Valentino Rossi alihamia Yamaha, timu iliyokuwa hoi. Mhandisi Masao Furusawa alimwandalia injini za kujaribu, na Rossi akachagua ile ambayo pini za krankishafti zimepangwa kama msalaba: milipuko kwa nyuzi 270, 180, 90, 180. Nne inayochechemea! Hoja ya Furusawa ilikuwa kwamba katika nne ya kawaida, pistoni zinasimama na kuanza kwa wakati mmoja, na uzito wao unatia kelele kwenye nguvu inayofika tairini, mpaka mkono wa mpandaji haujui ipi ni nguvu ya moto na ipi ni ya vyuma. Mbio ya kwanza ilikuwa hapa hapa barani kwetu, Welkom, Afrika Kusini, Aprili 2004. Rossi akashinda, akaegesha pikipiki kando ya njia, akaibusu. Mwaka huo akachukua ubingwa.

Kwa hiyo wale wazee waliosema "nne haina neno la kukuambia" hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasema kwa lugha ya makalio jambo ambalo wahandisi walikuja kulisema kwa hesabu.

SAHARA HAINA UPENDELEO

Mbio za Paris hadi Dakar zilianza mwishoni mwa mwaka 1978. Ukitaka kuona injini zikipimwa na bara letu, tazama orodha ya washindi. Mwaka 1979 na 1980 Cyril Neveu alishinda na Yamaha XT500, silinda moja. Mwaka 1981 Hubert Auriol akashinda na boksa ya BMW, na boksa ikashinda tena 1983, 1984 na 1985. Kuanzia 1986 mpaka 1989 ilikuwa V ya Honda. Kisha miaka ya 1990 silinda mbili za Yamaha zilizosimama bega kwa bega zikatamba, Stéphane Peterhansel akishinda mara sita. Mwaka 1999 silinda moja ikarudi, ya BMW.

Unaona mchezo? Kwenye mchanga mrefu ulionyooka, mwenye nguvu anakimbia. Kwenye mawe na matuta, mwenye wepesi anafika. Hakuna aliyeshinda milele. Mwishowe mwendo ulikuwa mkali mno na watu walikuwa wanakufa, na kuanzia mwaka 2011 waandaaji wakasema pikipiki zote zisizidi cc 450. Tangu hapo washindi wote wamepanda silinda moja. Ukiwabana wapandaji bora duniani kwenye njia mbaya na uwakataze ukubwa, wanaishia pale pale anapoanzia dereva wa bodaboda.

HUKU KWETU

Kwetu injini haikuchaguliwa na sikio. Ilichaguliwa na mfuko, barabara na fundi.

Miaka ya 1970 Honda waliona kwamba pikipiki zao zinazouzwa kwenye nchi za joto zinakufa mapema. Injini ilikuwa na cheni ya ndani inayozungusha valvu juu ya silinda, na cheni hiyo inataka oili safi kwa wakati wake. Lakini mtu wa nchi hizo anabeba magunia mawili na mke, na oili anaongeza siku akikumbuka. Basi wakatoa CG125, mwaka 1976. Badala ya cheni wakarudi kwenye fimbo mbili za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini, ufundi wa kizamani. Waliirudisha nyuma injini makusudi ili ivumilie maisha ya mtu. Wachina baadaye waliiga injini ile kwa majina yasiyohesabika, na ukoo wake ndio uliojaa barabarani kwetu, pamoja na pikipiki za India.

Kenya ilipoziondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, bei ikashuka na vijana wakaingia kazini kwa maelfu. Neno lenyewe, bodaboda, lilikuwa limeshatembea kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walivusha watu kutoka boda hadi boda.

Hata ndani ya silinda moja watu wanachaguana. Kaa kijiweni saa moja tu. Huyu anataka injini ya fimbo kwa sababu inavumilia mzigo. Yule anataka ya cheni kwa sababu ni laini na inakunywa mafuta kidogo. Wa tatu anataka ile ambayo spea yake ipo duka la jirani, basi. Na usisahau Unguja, ambako Vespa, kiskuta cha Kiitaliano kilichoanza mwaka 1946, kilipendwa na familia kwa mlio wake wa mapigo mawili na moshi wake wa buluu. Nani atamwambia mzee wa Mji Mkongwe kwamba kipenzi chake ni kelele tu?

MWISHO WA UGOMVI

Turudi chini ya mwembe. Pikipiki ya silinda nne ya binamu yangu ilitembea miezi miwili. Kabureta zilikuwa nne, na zinataka zivute hewa kwa kipimo kimoja. Mjomba hakuwa na geji za kupimia, akajaribu kwa sikio na kipande cha mpira, na safari hii sikio lilishindwa. Plagi nne, kila kitu mara nne. Petroli ikawa inakunywa kipato cha siku. Mwishoni aliiuza kwa hasara, akarudi kwenye silinda moja, tena ya kukodi, apeleke hesabu kwa tajiri kila jioni. Akiba ya miaka mitatu ikawa imekwenda. Nyumbani hilo halikuwa utani. Shangazi alilia.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa na haki? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini nilimuuliza binamu kama anajuta, akafikiri muda mrefu. Akasema anajuta hela. Sauti hajuti. Alisema maisha yake yote amebeba watu wanakotaka wao, na asubuhi moja, barabara ikiwa tupu, ile injini ilipanda mpaka juu na kwa mara ya kwanza akawa anakwenda anakotaka yeye. Nikakumbuka vijana wa Ace Cafe.

Mjomba hakuwapo tulipozungumza. Lakini zile plagi nne za zamani bado ziko kwenye rafu yake, zimepangwa mstari mmoja, zimefutwa. Hajazitupa wala hajazitumia.

Na sasa kuna jambo jipya. Rwanda, kuanzia Januari 2025, iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria Kigali. Zinazoingia kazini ni za umeme. Nairobi na Kampala za umeme zinaongezeka. Ni rahisi kuendesha na mapafu yetu yatashukuru. Siku moja mteja alileta ya umeme chini ya mwembe. Mjomba akainamisha kichwa kama kawaida, akasikiliza. Akazungusha gurudumu, akasikiliza tena.

"Mpwa wangu," akaniambia, "hii inaumwa wapi? Mbona haisemi?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu mnaotaka kuandika, kila mtaa una mtu mwenye masikio kama ya Mjomba, na elimu yake haipo kwenye kitabu chochote. Nendeni mkakae naye wakati bado kuna cha kusikiliza. Mkiuliza vizuri atawaambia. Mimi nilichelewa kidogo, nikapata haya.